Nani aingie ukutani?

Wiki hii safu nimeachiwa mimi, kwa sababu mwenzangu amegoma kuandika. Anasema ugomvi niliuanzisha mwenyewe, basi niumalize mwenyewe. Haya, bismillahi.

Waliosikiliza kipindi kilichopita wanajua tulikotoka. Ambao hamjasikia, habari ni hii. Kila Ramadhani, familia zetu hapa Jeddah huwa na mashindano ya mpira usiku, baada ya tarawehe, kwenye kiwanja cha kukodi. Watu wa Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga, na siku hizi mpaka ndugu zetu wa Bujumbura. Mwaka huu wazee wamekodi na istiraha pembeni, watu wapate pa kukaa na kunywa chai. Ndani kuna ukuta mmoja mrefu, mweupe, hauna kitu. Mwenzangu akausimamia pale, mikono kiunoni, akasema: "Hapa tuweke picha kumi. Wanamichezo wetu. Wa kule tulikotoka na wa hapa tulipozaliwa." Watu wakapiga makofi. Baada ya siku mbili kwenye kundi la WhatsApp hakuna aliyekuwa anamsalimia mwenzake.

Maana kumi ni namba ndogo sana. Kipchoge Keino, hakuna aliyebisha. Filbert Bayi, hakuna aliyebisha, ingawa nusu ya watoto waliuliza ni nani. Mtu akaleta jina la Saif Saaeed Shaheen, hapo moto ukawaka, na nitaueleza. Kisha binti khalati yangu akaandika jina la mjomba wetu. Mjomba wetu huyu huyu, anayekaa Bani Malik, mwenye kisukari na gari la Camry lisilofungika mlango wa nyuma.

Nikawa nimenaswa. Mimi niko kwenye kamati ya watu saba. Na mjomba ni kaka wa mama yangu, tumbo moja.

Nimefanya ninalofanya kila nikibanwa, yaani nimekwenda kusoma kanuni. Kazini kwangu ni hivyo hivyo, ukiona watu wanapiga kelele, uliza mkataba unasemaje. Nikasoma kumbi za heshima za wenzetu zinachaguaje watu. Niliyoyakuta yamenibadilisha mawazo mara mbili, kwa hiyo vumilieni.

Ukumbi unaoigwa na wengi ni ule wa besiboli wa Cooperstown, Marekani. Mchezo wenyewe sisi hatuujui, lakini kanuni zao ni tamu. Kura zinapigwa na waandishi wa habari waliokaa kwenye chama chao cha waandishi wa besiboli si chini ya miaka 10. Kila mmoja anaruhusiwa kutaja majina 10, asizidishe. Mchezaji lazima awe amestaafu miaka mitano kwanza, ili watu wapoe. Ili uingie unahitaji asilimia 75 ya kura. Ukipata chini ya asilimia 5, jina lako linafutwa kwenye karatasi, khalas. Ukiwa katikati, unarudi mwaka unaofuata, mpaka miaka 10 iishe. Mwaka 1936 walianza na watu watano tu. Tangu hapo mpaka leo ni mmoja tu aliyepata kura zote za waandishi, Mariano Rivera, mwaka 2019. Mwaka uliofuata Derek Jeter alipata 396 kati ya 397. Mtu mmoja, mahali fulani, alikaa mezani kwake akaona hapana, huyu bado. Mimi huyo mtu nampenda. Kwenye kila kamati yetu yupo, na kawaida ni ami mmoja ambaye hasemi kitu mpaka chai iishe.

Ukitazama vizuri utaona kanuni zote hizo ni za kuwazuia wapigaji kura, wala si wachezaji. Asilimia 75 inazuia kikundi kimoja kupenyeza mtu wao. Miaka mitano inazuia mapenzi ya jana. Kuna aliyependekeza kwenye kundi tupige kura kwa simu, kila mtu kura moja. Nikamwambia, wewe unajua ukoo fulani hapa Jeddah una watoto wangapi? Picha kumi zote zingekuwa za nyumba moja.

Haya, tukasema tuchukue asilimia 75. Lakini asilimia ni ya mwisho. Kwanza lazima useme nani anastahili hata kuandikwa kwenye karatasi, na hapo ndipo watu wanapotolewa nje kimya kimya.

Shirikisho la riadha la dunia lilianzisha ukumbi wake mwaka 2012, lilipotimiza miaka 100. Kigezo chao cha kawaida kilikuwa kama mizani ya sokoni: dhahabu mbili za Olimpiki au za mashindano ya dunia, na angalau rekodi moja ya dunia, na uwe umestaafu miaka 10. Keino anapita bila kusukumwa. Ana dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Munich 1972, na rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000 za mwaka 1965. Akaingia mwaka huo huo wa kwanza.

Sasa mpeleke Bayi kwenye mizani hiyo. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi anaondoka mbele tangu bunduki inalia na harudi nyuma. Anamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani, na bado kapigwa. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Dunia nzima ikangoja Montreal 1976, Bayi na Walker. Haikutokea. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikufukuzwa. Walker akashinda dhahabu. Bayi akapata fedha yake Moscow 1980, kwenye viunzi na maji, mbio ambazo hazikuwa zake za asili. Suleiman Nyambui akapata fedha nyingine siku hizo hizo, mita 5,000. Mpaka leo medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili.

Kwa mizani ya dhahabu mbili, Bayi yuko nje. Na sababu ya kuwa nje ni kwamba nchi yake ilifanya jambo ambalo sote tunaona lilikuwa sahihi. Kanuni haina mahali pa kuandika hilo.

Paul Tergat naye. Rekodi ya marathoni ya dunia, Berlin 2003, saa 2:04:55. Bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo. Olimpiki? Fedha mbili za mita 10,000, zote nyuma ya Haile Gebrselassie, na ile ya Sydney mwaka 2000 alishindwa kwa sekunde 0.09. Kope zako zikipepesa, hiyo imepita. Huyu ndiye aliyeanzisha tuzo za SOYA kule Kenya mwaka 2004, za kuwaheshimu wanamichezo wa nchi yake. Najiuliza kama zile sekunde 0.09 zilikuwa na mkono humo.

Ami mmoja wa kamati, wa Tanga, yule yule wa chai, ndipo akafungua mdomo. "Na Akhwari je?" Vijana kimya. John Stephen Akhwari, marathoni, Mexico 1968. Alianguka, goti likaumia, likafungwa bendeji, akaendelea. Walianza watu 75, wakamaliza 57, yeye akiwa wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Uwanja karibu mtupu, taa zimewashwa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Sasa niambieni, nani anamkumbuka aliyekuwa wa pili siku ile? Hakuna kigezo cha namba duniani kitakachomwingiza mtu wa mwisho, na hakuna ukumbi wenye akili utakaomwacha nje.

Hapa hapa tulipo tuna wa kwetu wa namba na wa kwetu wa mwisho. Hadi Souan Al-Somayli, Sydney 2000, mita 400 kuruka viunzi, 47.53, nyuma ya Angelo Taylor kwa sekunde 0.03, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Saudia. Baba yangu aliiona kwenye televisheni ya kantini ya bandarini, alikuwa karani wa mizigo, na anasema winchi zilisimama. (Mama anasema winchi hazikusimama, baba anapenda kutia chumvi.) Halafu Sarah Attar, London 2012, mita 800, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza wa Saudia kwenye Olimpiki. Kazaliwa California, baba Msaudia, mama Mmarekani. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya nusu dakika nyuma, na uwanja ukasimama kumpigia makofi. Nilikuwa chuoni wakati ule. Kwenda uwanjani kutazama mpira hapa kwetu sikuruhusiwa. Tarehe 12 Januari 2018 wanawake walipofunguliwa milango kwa mara ya kwanza, pale uwanja wa Al-Jawhara, Al-Ahli na Al-Batin, nilikuwemo, nimevaa kijani, na mimi ni shabiki wa Ittihad. Siku ile sikujali.

Sasa Shaheen. Nilisema nitarudi.

Alizaliwa Kenya mwaka 1982, jina lake Stephen Cherono. Mwaka 2002 aliishindia Kenya dhahabu ya viunzi na maji Michezo ya Jumuiya ya Madola, Manchester. Kaka yake Christopher Kosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo mwaka 1999. Agosti 2003 akachukua uraia wa Qatar na jina jipya, na habari zikaandikwa za malipo ya kila mwezi maisha yake yote. Wiki chache tu baadaye, Paris, akawa bingwa wa dunia kwa Qatar, akimshinda Ezekiel Kemboi wa Kenya. Ndugu yake mwingine, Abraham, alikuwa kwenye mbio hizo hizo kavaa jezi ya Kenya. Mwaka 2004 hakukimbia Olimpiki ya Athens. Kanuni ilisema ukibadilisha nchi ungoje miaka mitatu, labda nchi ya zamani ikusamehe, na Kenya haikusamehe. Wakenya wakachukua medali zote tatu. Siku chache baadaye, Brussels, Shaheen akakimbia 7:53.63, rekodi ya dunia iliyokaa mpaka mwaka 2023 Lamecha Girma alipoivunja. Mwaka 2005 akawa bingwa wa dunia tena.

Hesabuni wenyewe. Mataji mawili ya dunia na rekodi ya dunia. Mizani ile iliyomtoa Bayi inamwingiza Shaheen. Lakini ukumbi wa taifa ni jambo jingine. Taifa lipi? Kenya wengi walimwona kauza jina. Na ukisema Qatar, medali ni zao kweli, ila mapafu yalitengenezwa Keiyo. Binamu yangu aliyeko Riyadh aliandika kwenye kundi: "Huyu si wetu, kafuata pesa." Nikamjibu, samahani kama nilikuwa mkali, "Na babu yako alifuata nini Jeddah? Upepo?"

Wallahi hilo ndilo lililoumiza watu. Kwa sababu sisi wote kwenye kundi lile ni watoto wa mtu aliyehama kwa ajili ya riziki. Tofauti ni kwamba Shaheen alipewa pasipoti ya alikokwenda, na wengi wetu tuna iqama inayotaka kulipiwa kila mwaka. Mwenye asili ya Unguja ana kizungumkuti cha pili juu yake: Zanzibar ilichukua Kombe la Challenge la CECAFA mwaka 1995, ikapokelewa CAF Machi 2017, ikatolewa Julai mwaka huo huo kwa kuwa si nchi. Ukituuliza sisi "timu ya taifa lako ipi," utasubiri sana jibu.

Kwa hiyo kwenye kanuni zetu tumeandika hivi: pasipoti haiulizwi. Inaulizwa kama watu wetu walisimama kumtazama. Shaheen karudi kwenye karatasi. Binamu kanuna.

Na mjomba?

Mjomba aliletwa Jeddah na bibi akiwa na miaka minane. Wingi ya kushoto, anapiga krosi bila kuinua kichwa. Miaka ya themanini alicheza mechi za mitaani, hizi za hawari, ambazo watu walikuwa wanapanda juu ya magari kutazama. Klabu moja, siitaji, ikamwita afanye nao mazoezi. Akafanya msimu mzima, kwa nauli yake. Siku ya kusajili wakamwomba karatasi ya uraia. Hana. Wakamshukuru, wakamrudishia picha zake ndogo za pasipoti. Akaenda kuendesha malori ya makontena kutoka bandarini, miaka thelathini. Siku hizi vilabu vinaweza kusajili vijana waliozaliwa hapa wasio na uraia, wale mawalid, na mtoto wa jirani yake anafanya majaribio. Mjomba humpeleka na ile Camry.

Takwimu zake? Sifuri. Hakuna mechi hata moja iliyoandikwa popote. Mwanakamati mmoja alisema wazi, na hakukosea: "Tukianza kuweka watu waliokuwa *wangekuwa*, ukuta wote wa istiraha hautatosha. Kila familia ina mjomba."

Nilirudi tena Cooperstown kutafuta hoja. Nikaikuta. Mpaka mwaka 1947, alipoingia Jackie Robinson, ligi kubwa za besiboli hazikuwa zikichukua weusi. Walikuwa na ligi zao. Mwaka 1966 Ted Williams, mzungu nyota, siku anayoingizwa ukumbini alisimama akasema anatumaini iko siku wale wakubwa wa ligi za weusi wataingizwa pia, kwa sababu walichokosa ni nafasi. Ilipofika 1971, Satchel Paige akaingia wa kwanza kwa njia hiyo. Mwanzoni wakubwa wa ukumbi walitaka kuwawekea kona yao ya pembeni. Watu wakakasirika, wakaingizwa kama wengine. Kwa hao hawakutumia kura za waandishi, waliunda kamati maalumu iliyotafuta karatasi za zamani na kusikiliza waliowaona wakicheza.

Yaani njia ipo. Mtu aliyefungiwa mlango humpimi kwa alichofanya ndani. Unawauliza waliosimama juu ya magari. Nikapeleka hoja, wakakubali: kwa watu wa namna hiyo tutachukua mashahidi watatu ambao si ndugu. Mashahidi walipatikana watano. Mmoja ni Mhadhrami mwenye duka la vipuri, alilia akihadithia goli.

Kura ilipofika nilitoka nje. Ni kanuni niliyoiandika mwenyewe na nikaijutia nikiwa nimesimama kwenye joto lile karibu na majenereta. Walibaki sita. Asilimia 75 ya sita ni nne na nusu, yaani unahitaji tano.

Amepata nne.

Nilimpigia mwenyewe, sikutaka aisome kwenye kundi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. Akauliza Bayi kapata ngapi. Nikasema zote sita, na mimi saba. "Na yule wa mwisho, mwenye goti?" Zote pia. Akasema vizuri, yule ami wa Tanga angekufa. Kisha akauliza kama jina lake limefutwa. Nikamwambia hapana, chini ya asilimia 5 ndiyo unafutwa, wewe una sitini na sita, unarudi mwakani. Nikamhadithia na habari ya Buck O'Neil, mzee wa ligi za weusi ambaye kamati ilimwacha nje mwaka 2006 akiwa na miaka 94, siku walipoingiza watu 17 wote marehemu, naye akaja akasimama jukwaani kuwasemea wale 17. Alifariki mwaka huo huo. Walimwingiza 2022.

"Ahaa," akasema mjomba. "Kwa hiyo mnaningoja nife."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Akaniuliza picha zinatundikwa lini. Alhamisi, nikamwambia, baada ya futari. Akasema ukuta wa istiraha ile ni zege, misumari itapinda, na drili ya kutoboa zege anayo yeye.

Majina ya mwaka kesho tunaanza kupokea baada ya Idi. Leteni mashahidi watatu, wasiwe ndugu.